Tusidharau utafiti wa hamira

Kila fedha za utafiti zinapojadiliwa hapa nchini huzuka swali lile lile: utafiti huu utatibu ugonjwa gani? Ni swali la haki, maana fedha ni za mlipa kodi na hospitali nyingi zina upungufu wa dawa. Lakini likiulizwa mlangoni, kabla mtafiti hajaingia maabarani, laweza kutunyima elimu ambayo baadaye ndiyo hutufafanulia magonjwa yetu wenyewe. Mfano mzuri ni jinsi seli ya mwili inavyojikata na kuwa mbili.

Sisi tuliosoma biolojia ya sekondari tulifundishwa kwamba seli hugawa kromosomu zake, hubonyea katikati, kisha zikawa seli mbili. Hapo mwalimu alifuta ubao. Ukweli ni kwamba kubonyea hakutoshi. Seli hizo changa hubaki zimeunganishwa na shingo nyembamba, na huweza kukaa hivyo kwa saa nzima au zaidi. Shingo isipokatwa, kazi haijaisha. Ikikatwa ovyo, utando unaoizunguka seli hutoboka na yaliyomo humwagika.

Wakataji ni kundi la protini linalojulikana kwa ufupisho wa ESCRT. Protini zenye kazi hiyo ya mwisho huelea ndani ya seli zikiwa zimetulia. Zikiitwa kazini hushikana moja baada ya nyingine, kama shanga, hata zikawa uzi unaojizungusha ndani ya ile shingo. Msomaji aliangalie hilo neno, ndani. Gunia la makaa tunalifunga kwa kuzungusha kamba nje ya mdomo wake. Hapa kamba imo ndani ya gunia, imeng'ang'ania kuta zake na kuzivuta zikutane. Protini nyingine iitwayo Vps4 huchomoa vipande vya uzi huo kwa kutumia nishati ya seli, na uzi unaobaki hubadilika umbo na kuzidi kukaza. Mwishowe kuta za utando hugusana, huungana, na shingo hukatika bila seli kuvuja. Utando wenyewe una unene wa kama sehemu 5 kwa milioni za milimita moja! Wanasayansi wangali wanabishana jinsi hatua ile ya mwisho kabisa inavyotendeka.

Seli pia hujua kusubiri. Kipande cha kromosomu kikikwama shingoni, mkato huahirishwa. Bila subira hiyo chembe za urithi huweza kuharibika, na uharibifu wa namna hiyo ni miongoni mwa mambo yanayoandaa njia ya saratani.

Je, haya yalijulikanaje? Mwanzo wake haukuwa kutafuta dawa. Scott Emr na wenzake huko Marekani walikuwa wakichunguza hamira, hii hii tunayotia katika mahamri, wakitaka kujua jinsi seli yake inavyopeleka protini kwenye kifuko cha kusagia taka. Miaka ya 2001 na 2002 wakaeleza vikundi vya protini za ESCRT. Sijui ni mjumbe gani wa kamati yetu ya fedha angeidhinisha hata shilingi moja kwa taka za hamira.

Lakini mwaka huo huo wa 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, akiwemo Wesley Sundquist, walionyesha kwamba virusi vya Ukimwi hutumia mashine hiyo hiyo kutoka katika seli ya binadamu. Kirusi hakina mkasi wake. Hubeba alama fupi ambayo protini ya seli iitwayo Tsg101 huitambua, nayo huwaita wakataji, wakakikata na kukiachilia kikaambukize seli nyingine. Watafiti walipoipunguza Tsg101, virusi vilibaki vinaning'inia ukutani mwa seli, vimeshindwa kuondoka. Mwaka 2007 ndipo Jeremy Carlton na Juan Martin-Serrano, wakiwa London, walipoonyesha kwamba mkasi ulioibwa na kirusi ndio unaozitenganisha seli zetu zinapogawanyika. Yaani kirusi cha Ukimwi kilisaidia kutufundisha jinsi sisi wenyewe tunavyokua.

Mwaka huo wa 2007 hitilafu katika jeni ya mojawapo ya protini hizo ilihusishwa na mtoto wa jicho wa kurithi. Miaka miwili kabla yake, hitilafu katika jeni nyingine ilikuwa imegunduliwa katika ukoo mmoja wa Denmark wenye ugonjwa wa ubongo unaobadilisha tabia na usemi wa mtu.

Mtu atauliza, basi mbona hatujapewa dawa ya kuuzuia mkasi huo? Dawa za kupunguza makali ya Ukimwi hushambulia hatua nyingine: kirusi kinaponakili jeni zake, kinapojipachika katika DNA yetu, kinapokomaa. Hakuna iliyoidhinishwa inayozuia mkato wa kutokea, na sishangai. Mkasi ni wetu. Seli huutumia kugawanyika na hata kuziba matundu ya utando wake, na atakayeuzuia huenda akamdhuru mgonjwa kuliko kirusi. Anayemeza dawa zake aendelee kuzimeza kama alivyoagizwa, na anayeuziwa chupa ya "kufufua seli" kwenye kituo cha matatu ahifadhi pesa zake.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilitaka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti kila mwaka. Kiwango hicho hakijafikiwa, na kidogo kinachopatikana hugombaniwa. Naomba Hazina ya Kitaifa ya Utafiti itenge fungu, hata likiwa dogo, kwa maombi yasiyotaja ugonjwa wowote, nayo yapimwe kwa ubora wa swali na umakini wa mtafiti. Hamira inauzwa katika kila duka la mtaa. Kinachokosekana ni darubini nzuri na posho ya mwanafunzi wa kuitazama.