Mficha Maradhi: Hoja ya Kutaka Ukurasa wa Kasoro katika Vitabu Vyetu

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tulifundishwa tungali shule ya msingi, tukaiandikia insha na kutuzwa alama, kisha tukaenda zetu kuyaficha maradhi. Makala haya yanadhamiria kudai kwamba usomi wa Kiswahili una desturi ya kunyamazia kasoro ambazo wenyewe tunazijua, na kwamba dawa ya desturi hiyo ipo mahali ambapo wengi wetu wa fasihi hatungependa kuitafuta: kwa waundaji wa mifumo endeshi ya tarakilishi.

Najua msomaji atauliza mwanafunzi wa ushairi ameingiaje katika karakana ya watu wa tarakilishi. Nilifika huko kwa ajali. Nilipokuwa nikipiga chapa tasnifu yangu ya uzamili, programu niliyoitumia ilikuwa ikilitafuta neno ng'ombe na kulikosa, ilhali neno lenyewe lilikuwa mbele ya macho yangu. Ilinichukua siku mbili kung'amua kwamba kibainishi kilichonyooka na kibainishi kilichopinda, ambavyo kwa jicho langu ni kitu kimoja, kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Katika kutafuta suluhisho nilijikuta nikisoma miongozo ya watu wanaounda programu, nikakutana na jambo lililonikosesha usingizi. Watu hawa huandika kasoro zao hadharani, tena ndani ya kitabu kile kile wanachokitolea sifa.

Tuanze na mfano wa zamani. Tarehe 3 Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara ya Bell, Marekani, walitoa toleo la kwanza la mwongozo wa mfumo endeshi wa Unix. Maelezo ya kila amri yalipangwa kwa vichwa vilivyorudiwarudiwa: jina la amri, namna ya kuiandika, kazi yake, mafaili inayoyatumia. Kisha kukawa na kichwa kingine ambacho kwa tafsiri sisisi ni "Wadudu", kwa kuwa hilo ndilo jina ambalo wenzetu huziita kasoro za programu. Chini ya kichwa hicho waundaji wenyewe walieleza pale ambapo kazi yao ilikuwa ina upungufu. Hawakusubiri mhakiki aje awaumbue.

Mfano wa pili unatufaa zaidi. Mifumo endeshi haiundwi kwa mikono mitupu. Huundwa kwa zana. Mojawapo ya zana hizo ni kompaila, yaani programu inayoyageuza maandishi ya mtaalamu kuwa amri ambazo mashine inaweza kuzitekeleza. Kompaila iitwayo GCC ilitolewa kwa mara ya kwanza na Richard Stallman mwaka wa 1987, na Linus Torvalds alipoanza kuunda Linux mwaka wa 1991, hiyo ndiyo zana aliyoitumia. Mwongozo wa GCC una sura nzima kuhusu matatizo yanayojulikana. Kilichonivutia ni jinsi sura hiyo ilivyogawanywa. Ipo sehemu ya kasoro halisi ambazo bado hazijarekebishwa. Ipo sehemu ya mambo yanayowakatisha watumiaji tamaa kwa sababu wameyaelewa visivyo. Ipo pia sehemu ya mabadiliko ambayo watu huyaomba kila mara, lakini waundaji wameamua kutoyafanya, na sababu zao wamezitoa.

Hapo ndipo nilipojiuliza: ni sarufi ipi ya Kiswahili, ni kamusi ipi, ni kitabu kipi cha istilahi za fasihi kilichowahi kumwambia msomaji wake, "Haya tunajua hayajakaa sawa, haya ni wewe uliyetuelewa vibaya, na haya hatutayabadilisha, kwa sababu hizi"? Utangulizi wa vitabu vyetu aghalabu huwa na sentensi moja ya unyenyekevu, kwamba kasoro zozote zitakazopatikana ni za mwandishi mwenyewe. Sentensi hiyo ni adabu njema, lakini si taarifa. Haimwambii msomaji kasoro ziko wapi, na mwandishi mara nyingi anajua.

Nasema anajua kwa sababu nami nilijua. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, tulichapisha kijitabu cha istilahi za ushairi kwa ajili ya shule za upili, nami nikapewa fungu la bahari za ushairi. Nikaandika kwamba takhmisa ni shairi lenye mishororo mitano katika kila ubeti. Basi. Nilijua fika kwamba neno hilo lina maana nyingine ya kale zaidi: mshairi kuzichukua beti za mshairi aliyemtangulia na kuziongezea mishororo yake hadi kila ubeti ukamilike mitano, ili sauti mbili zisikike katika utungo mmoja. Takhmisa ya Liyongo, inayohusishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliundwa kwa njia hiyo. Lakini tathlitha ilikuwa mishororo mitatu, tarbia minne, na orodha yangu ilipendeza ilipokwenda kwa hesabu. Nikaiacha maana ya pili nje, wala sikuweka hata alama ya kuashiria kwamba kuna mjadala.

Miaka miwili baadaye nilikuwa katika mazoezi ya ualimu. Binti mmoja wa Kidato cha Nne akainua mkono. "Mwalimu," akaniuliza, "kama takhmisa ni mishororo mitano tu, mbona hii ya Liyongo inasemekana ina watunzi wawili?" Alikuwa amesoma mahali fulani maktabani. Swali lake lilikuwa bora kuliko kijitabu changu. Nami, badala ya kumpongeza, nilimjibu kwamba kitabu kinasema mishororo mitano, na katika mtihani aandike hivyo. Akaketi. Hakujua kwamba kitabu nilichojificha nyuma yake nilikiandika mimi. Sikumdanganya moja kwa moja. Nilimpa nusu ya ukweli na kuifanya ukuta. Tangu siku hiyo hakuuliza tena swali darasani mwangu, na hilo ndilo deni ninalojaribu kulilipa kwa makala haya.

Sasa tupime hoja za wanaopinga, kwani zipo na zina uzito.

Hoja ya kwanza ni kwamba Kiswahili kina maadui wa kutosha. Tukitangaza kasoro za vitabu vyetu tutawapa silaha wanaodai kuwa lugha hii haiwezi kubeba elimu ya juu. Hoja hii inachanganya lugha na zana za kuielezea. Watu wa tarakilishi wamewahi kutatizika vivyo hivyo. Mwaka wa 2000 GCC ilipokea taarifa ya kasoro iliyopewa nambari 323. Baadhi ya hesabu zenye desimali zilitoa majibu ya ajabu: nambari iliyolinganishwa na nafsi yake ingeweza kuonekana kuwa si sawa. Chanzo kilikuwa vichakato vya zamani vya Intel, ambavyo vilikokotoa ndani kwa biti 80, ilhali nambari iliyohifadhiwa katika kumbukumbu ilikuwa na biti 64. Je, kosa lilikuwa la kichakato au la kompaila? Mabishano yalidumu miaka mingi, na taarifa mpya za tatizo lile lile zikazidi kuletwa. Mwaka wa 2010 likaongezwa chaguo la kuwasaidia wanaotumia lugha ya C, na wale wa C++ wakalipata mwaka wa 2023. Muda wote huo kasoro ilikuwa wazi kwa kila mtu kuisoma, na GCC iliendelea kutumika duniani kote.

Nasi tunayo 323 yetu. Tunafundisha kwamba nomino za viumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA, ndiyo maana husemwa kipofu ameanguka, wala si kipofu kimeanguka. Vyema. Lakini mbona tunasema rafiki yangu na ndugu zangu, wala hatusemi rafiki wangu? Anayeziainisha ngeli kwa viambishi vya nomino atajibu hivi, na anayeziainisha kwa upatanisho wa kisarufi atajibu vile, na mwanafunzi anayehama kutoka kwa mhadhiri mmoja kwenda kwa mwingine hupoteza alama kwa kulirudia somo aliloshika vizuri. Lugha haina kosa hapo. Mama yangu alisema rafiki yangu kabla ya mimi kuzaliwa na akaeleweka. Kanuni yetu ndiyo isiyotosha, na kanuni isiyotosha ikiandikwa kuwa haitoshi haiitii lugha doa lolote.

Hoja ya pili ni ya walimu: mwanafunzi atachanganyikiwa, kwani mtihani unataka jibu moja. Naungama kwamba hoja hii ndiyo iliyoniponza darasani. Hata hivyo, kinachomchanganya mwanafunzi si kuambiwa kwamba kuna maoni mawili. Ni kuyagundua peke yake, kisha kuamriwa akanushe alichokiona. Isitoshe, orodha ya kasoro inaweza kumsaidia mtahini. Kama imeandikwa kwamba takhmisa ina maana mbili, jibu la binti yule lingekuwa na mahali pa kusimama.

Hoja ya tatu husema kwamba kuorodhesha si kurekebisha. Ni kweli, na 323 ni ushahidi. Lakini tuutazame mfano mwingine. Mifumo mingi ya ukoo wa Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na pale hesabu hiyo ilipotengewa biti 32 itajaa itakapofika sekunde 2,147,483,647. Kwa saa za Kenya hiyo ni tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Kwa kuwa kasoro hiyo ilitajwa mapema na bila haya, kazi ya kuiziba ilianza mapema. Linux toleo la 5.6, la mwaka wa 2020, ndilo la kwanza lililoweza kuuvuka mwaka huo hata kwenye mashine za biti 32. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini huwezi kuuziba ufa ambao kila mtu amekatazwa kuutaja.

Tofauti moja, hata hivyo, lazima niikubali. Kasoro ya programu ina kipimo: programu hutenda inavyotarajiwa au haitendi. Mgogoro wa kifasihi hauna kipimo cha namna hiyo. Ubishi wa mashairi ya arudhi na mashairi huru, uliopamba moto baada ya Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka wa 1974, haukuwa kasoro ya kurekebishwa. Ulikuwa mjadala wa kuishi nao. Ndiyo maana mgawanyo wa GCC unatufaa. Kosa la tarehe au la tahajia lirekebishwe. Ufahamu mbaya uelezwe. Mgogoro wa kinadharia uandikwe kuwa ni mgogoro, na mwandishi aseme amesimama upande gani na kwa nini.

Napendekeza basi mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, jarida hili litenge ukurasa mmoja katika kila toleo ambamo kasoro za makala yaliyotangulia zitaorodheshwa, kila moja kwa nambari, tarehe na hali yake: imethibitishwa, inajadiliwa, imerekebishwa, au haitabadilishwa. Pili, kila kijitabu kitakachochapishwa na chama chetu kiwe na ukurasa wa mwisho wa yale ambayo waandishi wanajua hayajakamilika. Tatu, wahadhiri wetu watusaidie kwa kuacha kutukata alama tunapoandika katika tasnifu zetu, kinaganaga, ni wapi data yetu imetushinda. Hivi sasa sehemu ya upungufu wa utafiti hujazwa malalamiko ya uhaba wa fedha na wakati. Aghalabu haisemi lolote kuhusu uhaba wa hoja.

Mwaka wa 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kila mwaka siku hiyo tunahutubu, tunaimba na kuisifu lugha, nami huwa miongoni mwa wanaoimba. Ila lugha inayosifiwa tu hubaki bibi harusi wa jukwaani. Lugha ya kazi hukaguliwa, hutiwa viraka na kuandikiwa madaftari ya mapungufu yake.

Kwa kuwa mtoa shauri hapaswi kuwaachia wengine mwanzo, ukurasa huo na uanze na hili. Kasoro nambari 1: kijitabu cha istilahi za ushairi, kidahizo cha takhmisa. Maana iliyotolewa ni nusu. Mwandishi alijua. Hali: imethibitishwa. Na kama binti yule wa Kidato cha Nne amefika chuo kikuu na anayasoma haya, ajue kwamba swali lake lilikuwa sahihi, na kwamba aliyepaswa kuketi siku ile ni mwalimu.