Kanuni ya mbuzi na ya imbwa ikuwe moja

Mahali pa historia si malisho. Ninaanza na neno hilo, ili mutu asiseme kama sendika inatetea mbuzi.

Shilatembo, kule Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa tarehe 17 Januari 1961, ni pahali pa heshima. Vilevile makaburi ya zamani ya wafanyakazi wa migodi, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Pale njo bazee wetu wamelala. Na sisi watu wa mugodi hatusahau tarehe 9 Desemba 1941, siku askari walipiga risasi wagomaji wa Union Minière kwenye uwanja wa mpira, Léonard Mpoyi akafa pamoja na wenzake. Historia ya nchi hii ni jasho letu na damu yetu. Nani atailinda kama si sisi?

Mbuzi akiingia kwa kaburi, anakula maua yenye mujane ameleta, anaangusha musalaba. Nguruwe anachimbua udongo. Imbwa wa kuzurura anachafua, na kama iko na kichaa, anaweza kuuma mutoto. Ule ugonjwa ukisha kuonekana kwa mutu, ni kifo. Basi kukataza nyama kuingia, tunakubali.

Lakini kukataza namna gani? Kwa nyumba ya mutu wa mugodi, mbuzi ni banki. Mushahara ukichelewa, mbuzi anauzishwa, minerval inalipwa. Sasa mutu mwenye kofia akikamata mbuzi bila karatasi, mangaribi nyama iko ndani ya chungu yake. Ile haiko kulinda historia. Ni kuiba.

Tena tunaona mambo ingine. Patron anashuka ku jeep na imbwa yake mukubwa, kamba ya ngozi mukononi, na sentineli anafungua mulango na anasalimu. Mbuzi ya mama maskini inakamatwa, imbwa ya tajiri inapita. Kwani mavi ya imbwa ya patron inanuka vizuri?

Tunaomba mambo ine. Kwanza, kibao pa kuingilia, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, chenye kuonyesha amande ni ngapi. Pili, lupango ijengwe mbele ya kuanza kulipisha watu, na pahali pa kufunga nyama ikuwe inje, penye kivuli. Tatu, kila amande iwe na resi, na mwenye nyama apewe siku za kuja kuichukua. Ine, kanuni ni ya kila mutu. Yenye itapita ni imbwa yenye kuongoza kipofu tu, juu ile ni macho yake.

Na sisi pia tuko na kazi. Baba, mama, fungeni mbuzi zenu. Batoto wasiache nyama kutembea kwa makaburi sababu majani iko mingi kule. Badelege wa sendika wapite kwa kila kambi waeleze watu, mbele polisi haijafika.

Kanuni yenye kupiga maskini peke yake, watu wataivunja usiku. Yenye kupiga wote, watu wenyewe wataichunga. Kila mwaka tarehe 17 Januari wakubwa wanaleta maua. Mwaka ujao, walete na kile kibao.