Zima Mtandao Kwanza, Ndipo Uniambie Ni Huria

Nina ugomvi na neno "huria". Siku hizi mradi ukifika Isiolo na tableti zake, haukosi kujisifu kwamba programu zake ni huria: msimbo chanzo uko wazi, mtu yeyote anaweza kuuchukua, kuusoma na kuubadilisha. Mimi nakataa. Msimbo ambao haujengeki mpaka kompyuta ibishe hodi kwenye seva za ng'ambo mara mamia si huria kwa mtu wa Biliqo. Ni sawa na kuonyeshwa picha ya ng'ombe halafu ukaambiwa kamua.

Wacha nieleze kwa wale ambao hawajawahi kugusa kazi hii. Programu huandikwa kwa maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma, na maandishi hayo ndiyo msimbo chanzo. Kompyuta haiwezi kuyaendesha hivyo hivyo. Mara nyingi lazima yapitishwe kwenye kompaila, yaunganishwe na maktaba za programu nyingine, kisha yafungwe kuwa kifurushi cha kusakinisha. Kazi hiyo huanzishwa kwa amri moja au mbili kwenye terminali, ile skrini ya maandishi matupu isiyo na vitufe vya kubonyeza. Wengi hawaijui kwa sababu wanapewa kifurushi kilichokwisha kujengwa: unabonyeza, kinaingia, basi. Hakuna ubaya hapo. Lakini siku ukitaka kubadilisha jambo moja dogo ndani yake, kifurushi hicho hakikufai kitu. Lazima urudi kwenye chanzo, urekebishe, ujenge upya.

Na jambo dogo huwa halikosi. Sisi Waborana tunahesabu misimu minne: ganna, mvua ndefu, adolessa, ukavu wenye baridi, hagaya, mvua fupi, na bona, kiangazi chenyewe. Mpango wa malisho hufuata misimu hiyo. Wazee wa dheeda ndio husema mifugo ihame lini, na nyasi za upande gani ziachwe kwa ajili ya siku mbaya. Sasa ikaja programu ya kuandikisha mifugo na maji, na kwenye fomu yake kulikuwa na misimu miwili tu: mvua na kiangazi. Mzee mmoja akaniuliza, "Kijana wangu, adolessa yetu wameipeleka wapi?" Nikamjibu, "Abba, iko ndani ya msimbo. Tutairudisha."

Kurekebisha kulichukua chini ya dakika 10. Ilikuwa ni mistari michache tu. Chanzo chote kilikuwa kidogo, kingeingia kwenye flashi ya bei ya chini kabisa dukani. Nikaandika amri ya kujenga, na hapo sinema ikaanza. Amri ikasema inahitaji kitegemezi fulani, ikaenda kukitafuta kwenye seva. Kitegemezi kikadai vitegemezi vyake, na hivyo vikadai vyao. Mtandao ukakatika, amri ikafa. Nikaanza tena. Bando ikaisha. Nikanunua nyingine, betri ya sola ikalala. Jioni tatu zikaenda hivyo. Mwishowe laptopu ikapanda gari hadi Isiolo mjini, ikajengewa huko kwa dakika 20, ikarudi na vumbi lake. Safari yote hiyo ilikuwa ya kuongeza misimu miwili.

Nikiwasimulia wenzangu wa Nairobi, huwa wanajibu haraka: shida ni mtandao, si programu, subirini minara. Hapa ndipo ninapogombana nao. Minara ije, nani ataikataa? Lakini programu kutaka mtandao wakati wa kujengwa si jambo la maumbile kama ukame. Ni uamuzi. Kuna mtu aliyeketi mahali ambapo mtandao haukatiki, akapanga amri yake iende dukani kila inapotaka kitu, kwa sababu kwake duka liko mlangoni.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Amri ya make ilitengenezwa na Stuart Feldman huko Bell Labs mwaka 1976. Kazi yake ni kuangalia faili zilizopo, kujua ipi inategemea ipi, na kujenga tu kile kilichobadilika. Inasoma diski iliyo mbele yake, haina haja ya kumpigia mtu simu. Leseni ya GPL, toleo la pili, ya mwaka 1991, inasema chanzo kamili ni pamoja na skripti zinazosimamia kukompaili na kusakinisha. Yaani hata wanasheria walielewa kwamba kumpa mtu maandishi bila njia ya kuyajenga ni kumpa nusu. Debian nao, mradi ulioanza mwaka 1993, wameweka kanuni kwa vifurushi vya hazina yao kuu: wakati wa kujenga, ni marufuku kwenda kwenye mtandao. Unateremsha chanzo na vitegemezi vyake siku una mtandao, halafu unaandika dpkg-buildpackage ukiwa popote, hata chini ya mti wa mgunga, na kifurushi kinatoka.

Kwa hivyo inawezekana. Hata zana za kisasa zinazopenda mtandao zina mlango wa pembeni. Cargo ya lugha ya Rust ina amri ya kukusanya vitegemezi vyote ndani ya folda moja. Go ina yake. Gradle inayojenga programu za simu za Android inakubali kuambiwa ifanye kazi bila mtandao. Mlango upo, ila hautumiwi, kwa sababu wanaoamua hawajawahi kuuhitaji.

Na wao wenyewe walishaonjeshwa. Machi 2016, mwandishi mmoja wa programu aliondoa kazi zake kwenye hazina ya npm. Mojawapo iliitwa left-pad, mistari 11 tu ya msimbo, kazi yake kuongeza nafasi mwanzoni mwa maandishi. Ghafla miradi mingi mikubwa duniani ikashindwa kujengeka. Kwa saa chache wahandisi wa miji mikubwa waliishi kama tunavyoishi sisi: chanzo unacho mkononi, na bado huwezi kufanya lolote. Kwao ikawa habari ya magazeti. Kwetu ni Jumanne ya kawaida.

Pingamizi la pili husemwa kwa upole zaidi, na ndilo linaloniudhi zaidi: ati nani Biliqo atajenga programu? Wapeni kifurushi kilicho tayari, kinawatosha. Maneno haya tunayajua. Ni maneno ya boza. Ukame ukizidi, boza la maji likija tunashukuru, tunapanga mitungi. Lakini hakuna Mborana aliyewahi kuliita boza kisima. Kisima kina watu waliokichimba, kina anayepanga zamu, na kikijaa tope tunashuka wenyewe kukizoa. Boza likikosa kuja, unabaki na mitungi.

Halafu si kweli kwamba watu wetu hawajengi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zikizungumza Kiswahili. Hilo liliwezekana kwa sababu chanzo kilikuwepo, na kingeweza kutiwa maneno mapya na kujengwa upya. Tusiende mbali: ndani ya maktaba ya C ya GNU, inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, kuna faili iitwayo om_KE. Hiyo ni Kioromo cha Kenya, nyumba ya Kiborana chetu. Ni maandishi ya kawaida: majina ya siku, ya miezi, namna ya kuandika pesa. Ukiona jina lisilo letu, unalirekebisha, unaandika amri ya localedef, na baada ya muda mfupi kompyuta inatumia jina lako. Haitafuti seva yoyote. Hiyo ndiyo huria ninayoijua mimi. Inafanya kazi Biliqo sawasawa na inavyofanya kazi London.

Wengine wataniambia habari za usalama: kujenga mwenyewe ni hatari, waachie wataalamu. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye seva kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili. Ujanja wenyewe ulikuwa huu: skripti ya kuuwasha mlango ule haikuwemo kwenye hazina ya wazi ambayo kila mtu aliisoma, iliwekwa tu kwenye furushi la chanzo lililotolewa kwa ajili ya kujengwa. Walichoonyeshwa watu na walichopewa kujenga vilikuwa vitu viwili tofauti. Sidai kwamba kujenga mwenyewe kunakukinga na kila mwizi. Ken Thompson alishaonya mwaka 1984 kwamba hata kompaila yenyewe inaweza kukudanganya. Ninachosema ni kwamba asiyeweza kujenga hana hata pa kuanzia kukagua. Anabaki na kuamini tu.

Na Biliqo tumechoka kuamini tu. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za wanyama, Biliqo Bulesa na Cherab, ziliundwa kinyume cha katiba, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Kesi ile haikuhusu programu, na sitaki kuipindisha. Lakini katika malisho haya haya ya kaskazini umekuwepo mradi wa kuuza hewa ya ukaa iliyomo kwenye udongo, na tani za hewa hiyo haziwekwi kwenye mizani. Zinapatikana kwa picha za satelaiti na modeli za kompyuta. Thamani ya nyasi zetu siku hizi inatoka kwenye programu. Kesho hesabu za ukame, za bima ya mifugo, za nani apewe chakula cha msaada, zote zitapitia huko. Kijana wa hapa akitaka kurudia hesabu aone kama anapata jibu lile lile, lazima aweze kuijenga programu hiyo kwenye laptopu yake. Asipoweza, huo ushirikishwaji ni wa kutia kidole gumba kwenye karatasi ambayo mwingine ameijaza.

Kwa hivyo ninachotaka si wimbo wa uhuru wa programu. Nataka sharti moja kwenye kila mkataba wa serikali ya kaunti na kila shirika linaloleta programu hapa. Siku ya kukabidhi, mlete flashi yenye chanzo chote, vitegemezi vyote, kompaila yenyewe, na ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili. Mzime mtandao mbele ya wazee na vijana. Kijana wa Biliqo, si mtaalamu mliyekuja naye, abadilishe neno moja kwenye fomu, aandike amri, tungoje pamoja. Chai itakuwepo. Kifurushi kikitoka na neno letu ndani yake, tutatia sahihi kwa furaha. Amri ikikwama ikitafuta seva, chukueni flashi yenu mrudi nayo mkaimalizie kazi.