BWANA MIFUGO ANASEMA: Sindano ya Joto Si ya Kila Ng'ombe

Ndugu msomaji,

Siku moja, baada ya msaragambo wa kuzibua mfereji, niliwaeleza wananchi wa kijiji kimoja huku Upare habari za sindano ya joto. Nilisema sindano hiyo husafisha mji wa mimba wa ng'ombe mwenye usaha. Nilisema kweli, lakini sikumaliza maneno.

Mama mmoja alikuwa na ng'ombe wa maziwa wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Ndama jike wa kwanza alikuwa wa kumlipa jirani. Ng'ombe huyo hakuonyesha joto kwa miezi mingi. Mama akadhani ni mgonjwa. Kijana wake akanunua dawa, akamchoma. Siku ya tatu ng'ombe akatupa mimba. Ndama alikuwa mdogo kama paka, naye ni jike. Kumbe ng'ombe alikuwa amepandwa na dume la jirani siku alipokata kamba! Nyumba mbili zilipata hasara kwa sindano moja. Kwa hiyo leo namalizia maneno yangu.

UGONJWA WENYEWE

Ndani ya mji wa mimba kuna utando laini. Hapo ndipo mimba hushika. Ng'ombe akizaa kwa shida, au kondo la nyuma likivutwa kwa nguvu, utando huo huumia na vijidudu huingia. Ng'ombe hutoa usaha, hata wiki 3 na zaidi baada ya kuzaa. Hupandwa mara nyingi bila kushika mimba. Pengine usaha hujaa ndani, na ng'ombe haonyeshi joto kabisa. Huyu hufanana na mwenye mimba.

DAWA HUFANYAJE KAZI?

Mwilini mwa ng'ombe kuna homoni. Homoni ni kama tarishi: hutoka sehemu moja ya mwili na kupeleka agizo sehemu nyingine. Yai likishatoka, kivimbe cha manjano huota kwenye kifuko cha mayai. Kivimbe hicho hutoa homoni inayoutuliza mji wa mimba na kuufunga mlango wake. Mimba huhitaji utulivu huo. Lakini kwa ng'ombe mwenye usaha, hilo ni kufuli. Uchafu hautoki, na nguvu ya kupigana na vijidudu hupungua.

Dawa iitwayo prostaglandini huua kivimbe hicho. Ng'ombe huja kwenye joto baada ya siku 2 hadi 5. Mlango hufunguka, mji wa mimba hujikaza, usaha humwagika. Ndipo utando hupata nafasi ya kupona.

Lakini kufuli ni lile lile. Ukimchoma ng'ombe mwenye mimba changa, mlango hufunguka vile vile, na mimba hutoka. Na ng'ombe aliyekonda kwa njaa, asiye na kivimbe hicho, sindano haimsaidii. Huyo anataka majani ya tembo, pumba na maji ya kutosha.

FANYA HIVI

1. Andika daftarini tarehe ya kuzaa na tarehe ya kila kupandwa.

2. Kondo la nyuma likikaa zaidi ya saa 12, mwite mtaalamu. Usilivute, wala usilifungie jiwe.

3. Usimchome ng'ombe kabla mtaalamu hajampima mimba kwa mkono. Mimba ya miezi 2 na zaidi hutambulika. Ikiwa alipandwa karibuni, ngojeni kwanza.

4. Dawa hii hupenya ngozi ya mtu. Mama mjamzito asiishike kabisa, maana inaweza kumharibia mimba. Mwenye pumu naye asiishike. Mtaalamu avae glavu. Ikimdondokea mtu, aoshe mara moja kwa maji na sabuni.

Yule mama sasa ana daftari. Amelining'iniza bandani kwa kamba, karibu na hori. Nikifika, kabla hajanikaribisha chai, hunionyesha tarehe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini ng'ombe mwenye usaha huweza kudhaniwa ana mimba?

2. Je, ng'ombe wako alipandwa lini? Umeandika?

Wako katika kazi,
Bwana Mifugo, Same