Surua: kwa nini mtoto aliyechanjwa anaitwa tena?

Kila inapotangazwa kampeni ya chanjo, wazazi wengi hutuuliza swali moja: mtoto alishachomwa sindano ya surua, mbona anaitwa tena? Februari 2024 swali hilo lilisikika nchi nzima, pale watoto wote wenye umri wa miezi 9 hadi chini ya miaka 5 walipotakiwa kupelekwa kuchanjwa, hata wale ambao kadi zao zilionyesha walishachanjwa. Tulifafanue.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Surua huenea kwa hewa. Mgonjwa akikohoa chumbani na kuondoka, virusi vinaweza kubaki hewani hadi saa 2. Tena huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutokea, wakati nyumbani wanadhani ni mafua tu. Mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ndiyo maana wataalamu wanasema ili surua isipate njia, watoto 95 katika kila 100 wanapaswa kupata dozi zote mbili.

Kwa nini mbili? Hapa Tanzania dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9. Katika umri huo, baadhi ya watoto bado wana mabaki ya kinga waliyozaliwa nayo kutoka kwa mama, na kinga hiyo huizuia chanjo kufanya kazi yake. Kwa hiyo katika watoto 100 wanaochanjwa, takriban 85 hupata kinga na 15 hawapati. Kwa macho huwezi kuwatambua. Dozi ya pili, ya miezi 18, ipo kwa ajili ya hao 15.

Sasa tupige hesabu ya kijiji. Kijiji kina watoto 100, na 90 wamepata dozi ya kwanza. Kwenye ripoti hiyo ni kazi nzuri. Lakini waliopata kinga ni kama 76. Wasipoitwa tena, watoto 24 wako wazi, na kila mwaka wanazaliwa wengine. Kuni zinarundikana taratibu. Siku cheche ikifika, moto unawaka. Mwaka 2022 surua ilizuka katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi na kuua watoto, ingawa chanjo ipo nchini kwa miongo kadhaa na hutolewa bure.

Je, wanaokosa dozi ya pili wote ni wazembe? Hapana. Chanjo ya surua-rubela ni unga unaochanganywa na maji yake maalumu, na ikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6. Vichupa vingi vina dozi 10. Kuna wahudumu wanaoona uchungu kufungua kichupa kwa ajili ya mtoto mmoja, wakamwambia mama arudi siku wakitimia wengi. Mama aliyetembea kilomita 10, akaacha palizi shambani, huenda asirudi. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Nasi tunaona hivyo: dozi 9 zikitupwa ni hasara, lakini mtoto akikosa kinga hasara ni kubwa zaidi.

Basi chukua kadi ya kliniki, uangalie. Je, dozi ya miezi 18 imeandikwa? Kama haipo, mpeleke mtoto, hata kama umri umepita. Homa au vipele vichache vinaweza kutokea wiki moja au mbili baada ya sindano, kisha huisha vyenyewe. Kampeni ikija, mpeleke hata kama kadi imejaa. Dozi ya ziada haimdhuru. Na ukiona homa, macho mekundu na vipele, wahi zahanati: surua huleta nichumonia na upofu, na matone ya vitamini A hupunguza hatari hiyo.