Goma: Antivirusi bila mise à jour inaweza kugeuka mlango wa mwizi

Mjini Goma, wengi wanaotumia kompyuta wanaamini kwamba antivirusi ikishawekwa, kazi imeisha. Kisha wanafunga mise à jour, ju mega ni pesa. Lakini antivirusi nayo ni programu kama zingine: iko na makosa, na makosa yake yanaweza kuwa ya hatari sana.

Sababu ni kazi yake. Ili ijue kama faili ni mbaya, lazima iisome, mara nyingi kabla mwenye mashine hajaigusa: ya barua pepe, ya klé USB, ya intaneti. Na inaisoma ikiwa na ruhusa kubwa kuliko programu nyingi.

Kosa linaloogopwa zaidi ni la memori, yaani nafasi ya kazi ya kompyuta. Faili ikidanganya juu ya ukubwa wake, ni kama kumimina lita 25 ndani ya bido ya lita 20: ya ziada inamwagika pembeni. Pale pembeni panaweza kuwa na maagizo ambayo kompyuta inafuata. Mjanja anaweza kuingiza maagizo yake pale, na mashine ikamtii.

Hii imeshaonekana. Juni 2016, Tavis Ormandy, mtafiti wa Google, alionyesha makosa ya aina hii ndani ya antivirusi za Symantec na Norton. Ilitosha kutuma faili kwa barua pepe. Mpokeaji hakuhitaji hata kuifungua. Mei 2017, yeye na mwenzake Natalie Silvanovich waligundua kosa kubwa ndani ya Windows Defender, antivirusi inayokuja pamoja na Windows. Microsoft ilitoa kiraka tarehe 8 Mei, siku chache tu baadaye. Januari 2021 ilitoa kiraka kingine cha Defender, na kusema kwamba kosa hilo lilikuwa limeshaanza kutumiwa na washambuliaji.

Kwa hiyo kampuni zinarekebisha. Lakini kiraka kinasaidia tu mashine inayokipokea. Tena kikishatoka, wahalifu nao wanakichunguza na kujua tundu lilikuwa wapi. Mashine iliyobaki nyuma njo inakuwa rahisi kuvamiwa.

Hatari hiyo inagusa sana maduka ya kuchapa na ya fotokopi, ambako klé za wateja zinapita kwenye mashine moja kutwa nzima. Kinachoweza kupotea ni TFC za wanafunzi, makaratasi ya ofisi, hata orodha za wanachama wa vikundi vya akiba. Antivirusi za kukopi bila leseni ni mbaya zaidi, ju mara nyingi mise à jour yake imefungwa kwa makusudi.

Kuondoa antivirusi si dawa. Bila hiyo virusi vya kila siku vinaingia bure. Kwa wenye mega chache kuna njia: Microsoft inaweka kwenye tovuti yake faili ya mise à jour ya Defender. Mtu mmoja anaweza kuipakua, kuiweka kwenye klé safi, na kuiingiza kwenye mashine kadhaa. Majirani wa duka wanaweza kuchanga mega hizo kwa zamu. Jambo moja la kushika: faili hiyo ichukuliwe kwa mtengenezaji mwenyewe, isitoke kwenye klé ya mtu asiyejulikana.