Mtetemeko waondoka kwa mgonjwa, wahamia katika ndoa

Na Mwandishi Wetu

UPASUAJI wa kupandikiza nyaya za umeme ndani ya ubongo umewarejeshea wagonjwa wengi wa Parkinson uwezo wa kushika kikombe, kufunga vifungo vya shati na kutembea bila kukwama. Hata hivyo, uzoefu wa Ufaransa, ilikoanzia tiba hiyo katika sura yake ya sasa, unaonyesha kuwa anayemwuguza mgonjwa nyumbani hapati nafuu siku hiyo hiyo. Kwa baadhi yao, hapo ndipo mzigo mpya unapoanza.

Parkinson, ugonjwa unaobeba jina la daktari Mwingereza James Parkinson aliyeueleza mwaka 1817, hutokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuratibu mwendo wa mwili. Dawa ya levodopa husaidia, lakini baada ya miaka kadhaa nguvu zake huanza kupanda na kushuka. Saa hii mgonjwa amekakamaa, saa ijayo viungo vinacheza bila hiari yake.

Mwaka 1987, katika mji wa Grenoble, Profesa Alim-Louis Benabid na wenzake walianza kutumia mipigo ya kasi ya umeme kutuliza mtetemeko. Nyaya huunganishwa na betri iliyopandikizwa chini ya ngozi ya kifua. Mwaka 2002 Marekani iliidhinisha tiba hiyo kwa wagonjwa wa Parkinson.

Matokeo yalisifiwa, na kwa haki. Lakini mwaka 2006 watafiti wa Hospitali ya Pitié-Salpêtrière, Paris, walichapisha taarifa iliyowashtua wengi. Waliwafuatilia wagonjwa 29 kwa miezi 18 hadi 24 baada ya upasuaji. Miili ilikuwa imepata nafuu kubwa, lakini kati ya ndoa 24, ndoa 17 zilikumbwa na migogoro. Aidha, kati ya wagonjwa 16 waliokuwa na ajira kabla ya upasuaji, 9 tu ndio waliorejea kazini.

Sababu si ngumu kuziona. Kwa miaka mingi nyumba ilikuwa imejipanga kuuzunguka ugonjwa. Mke au mume aligeuka kuwa mwuguzi, dereva na mtunza dawa. Ghafla mgonjwa anataka uhuru wake, na mwenzake anajiona hana kazi tena. Au kinyume chake: mwuguzaji aliyechoka anatarajia sasa apumzike, kumbe mgonjwa bado anataka kuhudumiwa kama zamani.

Isitoshe, upasuaji si mwisho wa safari. Kurekebisha umeme huchukua miezi, na betri hubadilishwa muda wake ukiisha. Dawa zikipunguzwa, wapo wagonjwa wanaokosa ari ya jambo lolote. Wengine huwa na papara wasiyokuwa nayo awali. Ugonjwa wenyewe nao unaendelea, na tiba hii haisaidii sana matatizo ya usemi, mizani ya mwili na kumbukumbu. Anayekabiliana na hayo yote usiku na mchana ni yule ambaye jina lake halimo katika faili la hospitali.

Ni kweli kwamba utafiti wa Paris ulihusu watu wachache wa hospitali moja. Utafiti mkubwa zaidi wa Ufaransa na Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2013 na kuhusisha wagonjwa 251, ulithibitisha kuwa upasuaji pamoja na dawa huboresha maisha ya mgonjwa kuliko dawa peke yake. Kwa hiyo hoja si kuusitisha upasuaji.

Hoja ni kwamba mafanikio yake yasipimwe kwa mkono uliotulia pekee. Kabla ya kisu kugusa kichwa, daktari aketi na wote wawili, awaeleze kitakachobadilika na kisichobadilika. Baada ya hapo, kila mgonjwa anaporudi kliniki kurekebishiwa umeme, anayemwuguza naye aulizwe: wewe, unalala?